Je, Wajua? Gari Lililozimwa Huenda Liko Macho

Sogea kidogo, benchi linatosha wawili. Hapa mtaa wa Ziwani, Nairobi, ziwa hulioni, lakini stima ya kumzamisha mtu imeegeshwa pale mbele ya gereji, tena ina kibandiko cha teksi kiooni. Je, wajua kwamba ile Toyota Prius imebeba betri ya volti 201.6 nyuma ya kiti cha abiria?

Utasema stima ya nyumbani kwako ni volti 240, kwa hivyo hii ni afadhali. Ngoja kwanza! Chini ya boneti ya Prius ya kizazi cha tatu kuna sanduku linaloitwa inveta, na kazi yake ni kuzichukua hizo 201.6 na kuzipandisha hadi 650. Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya soketi unayochajia simu.

Na ile Aqua ndogo ya kupeleka watoto shule? Betri yake ni volti 144, ila inveta ikishika kazi inagonga 520. Fielder ya haibridi nayo ina betri ya volti 144, hata ikiwa imejazwa viazi vya Marikiti hadi dirishani.

Ifungue betri ya Prius, kwa macho tu tafadhali. Ndani kuna vipande 28 vilivyopangwa kama mikate ya duka, kila kimoja volti 7.2, na kila kipande kina seli 6. Zihesabu zote: 168! Seli moja ina volti 1.2, sawasawa na ile betri ndogo ya tochi inayochajiwa.

Sasa nikushangaze kwa upande wa pili. Betri hiyo nzima hubeba takriban yuniti 1.3 za stima, yuniti zilezile unazonunua kwa tokeni. Pasi ya wati 1,000 ingezimaliza kwa saa moja na dakika 18, na shati la Jumapili likiwa bado lina mikunjo.

Wajua mpaka wa hatari uko wapi? Katika betri ya gari, wahandisi wa dunia nzima wamekubaliana kwamba kuanzia volti 60 kwenda juu hiyo ni stima ya kuheshimiwa. Pikipiki nyingi za umeme unazoziona zikipita Quarry Road huwa kati ya volti 60 na 72. Kwa hivyo hata boda ameikalia.

Ndiyo maana kuna haibridi nyepesi zinazoundwa kwa volti 48. Namba hiyo haikuokotwa barabarani: ilichaguliwa makusudi ikae chini ya 60.

Kambare wa umeme wa Mto Nile, wewe! Samaki huyo anaweza kutoa shoti ya hadi volti 350, akiwa hana waya wala leseni. Anaishinda betri ya Prius, ila haifikii inveta. Wamisri wa kale walimchora kwenye kuta za makaburi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, bila shaka baada ya mtu fulani kumshika.

Na ni stima kiasi gani inayovuruga moyo? Ampia 0.1. Chaja ya simu yako hutoa ampia 1 au 2, mara 10 au 20 ya hiyo, na unaishika usiku kucha bila neno. Tofauti ni kwamba volti 5 za chaja hazina nguvu ya kuupenya mwili. Volti 200 hazibishi hodi.

Ngozi yako ndiyo glavu ya kwanza uliyozaliwa nayo. Ikiwa kavu, upinzani wake unaweza kufika omu 100,000. Ikilowa, unaanguka hadi 1,000! Mkono uleule, mtu yuleyule, kinga imepungua mara mia moja.

Fikiria sasa kwamba kazi yenyewe inaitwa jua kali. Saa saba mchana, jasho linatiririka hadi kwenye viganja, volti 201.6 gawanya kwa omu 1,000: ampia 0.2. Mara mbili ya ile ya kuvuruga moyo. Kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la sita.

Mafundi wa stima wa zamani walikuwa na mtindo mmoja wa ajabu: mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni. Si maringo! Stima ikiingia mkono wa kushoto na kutokea wa kulia, njia yake ya mkato ni kifua, na kifuani ndiko moyo unakokaa.

Pete ya ndoa nayo? Vua, mama watoto ataelewa. Hata ile betri ndogo ya volti 12 ikiunganishwa na pete na spana, dhahabu huwaka nyekundu kwa sekunde chache ikiwa bado kidoleni. Volti 12 tu!

Wajua kwa nini nyaya nene za haibridi ni za rangi ya chungwa? Ili hata asiyejua kusoma azitambue. Wakenya tunaijua rangi hiyo kwa sababu nyingine: Novemba 2005 tulipiga kura ya maoni ya katiba, chungwa likaishinda ndizi. Chini ya gari, chungwa halina mpinzani kabisa. Ukiliona, mikono nyuma.

Nyaya hizo hutoka kwenye betri huko nyuma, zikapita chini ya sakafu, hadi kwenye inveta mbele. Kwa hivyo ukilala chini ya Prius kubadilisha bomba la moshi, huko ndiko unakolala. Jeki nayo ina mahali pake. Si popote palipo na chuma.

Betri hukatwa kwa plagi moja tu yenye mkono wa rangi ya chungwa, inayoenea kiganjani. Ukiing'oa, betri inakatika vipande viwili, kama mkate wa kugawana. Na ndani ya plagi ya Prius ya kizazi cha pili kuna fyuzi ya ampia 125!

Makanika anayejua kazi akishaing'oa, huitia mfukoni mwake mwenyewe. Si juu ya boneti, si kwenye kisanduku cha spana, si kwa kijana wa mkono. Mfukoni! Ili asije mtu mwenye haraka ya kusaidia akairudisha wakati mwenzake ameshika nyaya.

Lakini plagi ikiwa mfukoni, je, betri imekufa? Wapi! Kemia haina swichi. Kila upande wa betri bado una volti zake, zimekaa kimya zikingoja mtu afungue kifuniko. Wale wanaobadilisha kipande kimoja kibovu kati ya 28 hufanya kazi nzima wakiwa na glavu, mpaka ile nati ya mwisho.

Hapa sasa nikaze sauti kidogo. Umezima gari, umetoa plagi, umeiweka mfukoni. Ngoja dakika 10! Ndani ya inveta kuna kapasita, chombo kinacholimbikiza stima kama pipa la maji juu ya nyumba: hata kaunti ikifunga mfereji, pipa bado limejaa. Kapasita huhitaji muda wa kujimwaga, na vitabu vya Toyota vinautaja muda huo wazi.

Dakika 10 ni nini? Ni chai ya rangi na mandazi mawili kwa mama pale kwenye kona, na bado ukabaki na dakika ya kubishana kuhusu Gor na Ingwe. Mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga, huhitaji sekunde 90 tu. Inveta ni mgeni wa kukaa.

Na dakika zikiisha, bado mkono hauendi. Kinachotangulia ni mita, na inatakiwa isome sifuri. Je, mita yenyewe ni nzima? Mafundi wa stima huipima kwanza kwenye kitu wanachojua kina stima, kisha kwenye gari, kisha wanarudi kwenye kile cha kwanza. Mara tatu! Kwa sababu mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Mita ya shilingi mia tatu ya kando ya barabara haihesabiwi. Inayotakiwa imeandikwa CAT III na volti 1,000, pamoja na nyaya zake za kupimia. Angalia maandishi madogo karibu na matundu. Kama hakuna maandishi, umepata jibu lako.

Glavu sasa. Ah, glavu! Je, wajua kwamba glavu za daraja 0, za kazi ya hadi volti 1,000, hujaribiwa kiwandani kwa volti 5,000? Mpira mwembamba, na umeshinda mara tano.

Kuna daraja 00 pia, na kwa jicho utadhani ni ndugu pacha. Lakini kwa stima ya aina ya nyumbani, mwisho wake ni volti 500. Kumbuka inveta yetu ilikuwa inafika ngapi? Sasa umeelewa kwa nini ile sifuri moja ya ziada si ya urembo.

Kabla ya kuzivaa, mafundi huzikunja kuanzia mdomoni, hewa ikabaki ndani zikavimba kama puto, kisha huzileta karibu na shavu. Wanatafuta upepo. Tundu la sindano linatosha stima kupita, na shavu hulisikia kabla ya jicho kuliona.

Juu ya glavu ya mpira huvaliwa ya ngozi. Ya ngozi haizuii stima hata kidogo! Imekuja kuilinda ile ya mpira isikwaruzwe na vyuma. Yaani glavu imevalishwa glavu.

Na adui wa glavu ni nani? Grisi, oili, petroli na jua. Soma tena orodha hiyo taratibu, halafu tazama gereji yoyote ya hapa Ziwani hadi Shauri Moyo. Mpira wa asili ukipata oili hulainika na kuvimba. Ukianikwa juani hupasuka nyufa ndogondogo. Mwaka 1985 Rais Moi alipofika kwa mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakigonga bati juani, aliahidi kuwajengea vibanda. Glavu za mpira zingeshangilia kuliko mafundi.

Sheria za kazi za Marekani zinataka glavu hizo zipimwe upya kwa stima kila baada ya miezi 6, hata kama zinaonekana mpya. Zile za kuoshea vyombo, za manjano, hazikualikwa kwenye mazungumzo haya.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na aliyeisema hakuwahi kuiona Prius. Gari hili likiwa limesimama injini inaweza kuwa imezima kabisa, na bado liko tayari kuondoka. Dalili ni neno moja dogo kwenye dashibodi, READY. Neno hilo likiwaka, injini inaweza kujiwasha yenyewe wakati wowote, hata vidole vyako vikiwa chini ya boneti.

Kimya hicho kiliwatisha hata Wazungu. Tangu Julai 2019, aina mpya za magari ya umeme na haibridi katika Umoja wa Ulaya lazima zitoe sauti ya kutengenezwa zikitembea polepole. Sauti bandia! Kwetu Nairobi manyanga yangeweza kuwagawia, na ingebaki.

Ufunguo nao una mambo. Ufunguo wa kisasa huongea na gari bila kuingizwa popote, na ukiwa mfukoni mwa makanika aliyeinama juu ya boneti, gari linaamini mwenyewe amefika. Toyota husema upelekwe mita 5 au zaidi. Mpe mama wa mandazi akuwekee.

Hii nayo itakuchekesha. Prius yenye volti 201.6 inaweza kushindwa kuamka kwa kukosa volti 12! Ile betri ndogo ndiyo inayowasha kompyuta na kufunga swichi kubwa za betri kubwa. Mdogo asipoamka, mkubwa anaendelea kulala.

Na ukitafuta stata ya kawaida kwenye Prius utatafuta hadi jioni. Haina. Injini ya petroli huzungushwa na mota ya umeme iliyo ndani ya gia, kwa hivyo ile kelele ya asubuhi ya "nyanyanya" haiji.

Gari limerudishwa vizuri, kila nati iko mahali pake, lakini linakataa kuamka. Kabla ya kumlaumu mwenye duka la spea, itazame tena plagi ya chungwa. Katika Prius ya kizazi cha pili, kuirudisha ni hatua tatu: ingiza, inua mkono wake, kisha usukume chini mpaka ujifunge. Watu wengi huishia ya pili. Gari linajua, nalo limenuna.

P0A80! Ukilitaja neno hilo mbele ya dereva wa teksi, utaona uso ukibadilika. Ni msimbo wa kompyuta unaosema betri kubwa imechoka. Lakini kuna P0AA6, isiyo na umaarufu, nayo ndiyo ya kumtoa makanika jasho: stima kubwa imeanza kuvuja kuelekea kwenye bodi.

Kwa nini kuvuja kuwe ajabu? Kwa sababu katika gari la kawaida bodi yote ni waya wa kurudishia stima, lakini stima kubwa ya haibridi haigusi bodi kabisa. Ina njia yake ya kwenda na yake ya kurudi, na kompyuta inaulinda mpaka huo kila sekunde.

Na unaweza kuuvunja mpaka huo kwa oili. Oili tu! Kompresa ya ubaridi ya Prius huendeshwa kwa stima ile kubwa, na oili yake ni ya aina inayozuia stima, ND-OIL 11. Ukiitia oili ya kompresa ya kawaida, kinga inashuka na P0AA6 inaweza kukukaribisha. Chupa mbili zinafanana, moja tu ndiyo ya gari hili.

Gusa chini au kando ya kiti cha nyuma, kuna matundu. Hapo ndipo betri inapopumulia! Feni huvuta hewa ya ndani ya gari kuipoza, na hewa ya Eastlands, wewe mwenyewe unalijua vumbi lake. Abiria akiweka mkoba au mtoto akasukuma ganda la njugu pale, betri inahema.

Kimiminika kilicho ndani ya betri za namna hii ni magadi makali ya potasiamu, yenye kula ngozi. Ni jamaa wa mbali wa ile chumvi ya majivu wanayopikia mboga Magharibi mwa Kenya, ila huyu hakulelewa vizuri. Siki au maji ya asidi ya boriki humtuliza.

Kipimo? Gramu 800 za unga wa boriki kwa lita 20 za maji. Lita 20! Kana kwamba mwandishi wa kitabu aliwahi kupanga foleni na mtungi wake hapa mtaani. Na unga wenyewe unaufahamu: ndio wanaonyunyiza kwenye ubao wa keram ili kete ziteleze.

Aprili 2024 Mto Nairobi ulifurika ukaingia mitaani bila kubisha. Je, ungeligusa gari la haibridi lililozama? Toyota huwaambia waokoaji kwamba bodi ya gari lililozama haina stima kubwa, na ni salama kuigusa. Maji na volti 200 mahali pamoja, na bado! Ule mpaka wa bodi na stima ndio unaofanya kazi hiyo. Nyaya za chungwa zenyewe ni hadithi nyingine.

Moto je? Ndoo moja ya maji ni mbaya kuliko kutomwaga kabisa, wenyewe watengenezaji wanasema. Ni mtungi wa kuzimia moto wa aina ya ABC, au maji mengi kupindukia, ya gari la zimamoto. Hakuna nafasi ya katikati.

Kamba ya kuvuta gari, rafiki wa kila dereva wa Nairobi, hapa haina urafiki. Magurudumu ya mbele ya Prius yakizunguka barabarani, yanazungusha mota, na mota ikizungushwa hugeuka jenereta. Gari limezimwa, dereva hayumo, na linatengeneza stima! Ndiyo maana mbele huinuliwa juu.

Ndani ya mota hizo kuna sumaku zenye nguvu ajabu. Mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo huambiwa asizikaribie zikiwa zimefunguliwa. Na sumaku hizo zikinasa spana yako, mtashindana.

Nissan Note e-Power, iliyoanza kuuzwa Japani Novemba 2016, ina injini ya petroli isiyogusa magurudumu hata kidogo. Kazi yake ni kutengeneza stima tu. Umenunua jenereta yenye viti vitano.

Sasa panda matatu ya Naivasha. Kati ya 2022 na 2024, magari makubwa ya mbio za dunia za rali yalikuwa haibridi, kila moja na mota ya kilowati 100 na betri ya yuniti 3.9. Kalle Rovanperä wa Toyota alishinda Safari Rally ya Juni 2022, na Toyota ikachukua nafasi zote nne za kwanza! Wewe ulikuwa umepanda juu ya mti ukitazama vumbi. Magari hayo yalikuwa na taa: kijani, njoo usaidie kulisukuma, nyekundu, kaa huko huko.

Fikiria Mkenya anaambiwa asisukume gari la rali lililokwama. Tangu 1953 tunayasukuma.

Formula 1 nao waliipata mapema. Julai 2008, kwenye majaribio ya Jerez, Uhispania, fundi mmoja wa timu ya BMW aligusa gari lililorudi kutoka barabarani akarushwa na shoti. Timu ya mamilioni, wahandisi wa vyuo vikuu, kila kifaa duniani. Siku hizi dereva akiona taa nyekundu huruka kutoka garini miguu yote miwili pamoja, asije akagusa gari na ardhi kwa wakati mmoja.

Twende Grogan kutafuta spea, siku hizi Kirinyaga Road. Je, wajua kwamba Ewart Grogan, ambaye zamani barabara hiyo ilipewa jina lake, alisafiri kutoka Cape hadi Cairo na kumaliza 1900? Mwaka huohuo, huko Austria, kijana Ferdinand Porsche aliunda gari la petroli na stima pamoja. Alilipa jina la Kilatini, Semper Vivus, maana yake "hai daima". Zaidi ya karne moja iliyopita, na tayari alikuwa amewaonya makanika.

Prius yenyewe ilitoka Desemba 1997. Kufikia Januari 2017 Toyota ilikuwa imeuza haibridi zaidi ya milioni 10 duniani. Kenya hairuhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka 8 kuingia Mombasa, kwa hivyo tunazipokea zikiwa zimeshakula ujana wao kwingine, na betri zao pia.

Uber ilifika Nairobi Januari 2015, na dereva anayehesabu kila lita ya petroli hakuhitaji kuhubiriwa habari za haibridi. BasiGo ikaleta mabasi ya umeme barabarani 2022. Nyaya za chungwa sasa zimepanda hadi matatu.

Ya mwisho, halafu uniachie benchi. Je, wajua kwamba ndani ya kitabu cha mafundi cha Toyota kuna ukurasa wa kutoa nakala, wenye onyo la stima kubwa, usiguse? Unakunjwa kama hema na kusimamishwa juu ya paa la gari kazi ikiendelea. Na chini yake kumeachwa mstari mmoja mtupu wa kuandikwa jina la fundi anayehusika. Hapa kwetu, upepo wa mtoni ukianza, utahitaji pia jiwe la kuushikilia.